Mzigo wa Chumvi hadi Magomeni

Basi la Mbeya lilipoingia stendi ya Mikumi, sinia za mayai, ndoo za machungwa na mahindi ya kuchoma viliinuka juu kama bendera vikakimbilia madirishani. Kila mtu alikuwa anauza kitu au anakimbilia kitu. Katikati ya kelele hizo alikuwapo Elikana, fundi umeme wa Kilosa, kijana wa miaka ishirini na tisa, shati lake la bluu limepigwa pasi hadi mikono ikatoa makali. Hakuwa na mzigo. Hakuwa na mgonjwa Morogoro wala kesi mahakamani. Alikuwa anakwenda kutazama.

Ndiyo ilikuwa starehe yake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wenzake wakienda kwenye mpira, yeye alipanda magari ya abiria na kuangalia nchi. Alfajiri hiyo alikuwa ametoka Kilosa kwa Coaster iliyopita kijiji cha Ulaya. Sasa alitaka basi la kumpitisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi hadi Morogoro, na jioni treni ya umeme ingemrudisha Kilosa. Duara zima kwa siku moja, kwa nauli za kawaida. Waliomcheka aliwajibu kwa ukali, maana hakupenda kuchekwa hata kidogo: "Watalii wanakodi magari yasiyo na paa. Mnadhani tembo anauliza umekuja na nini?"

Kanuni yake ilikuwa moja tu: kiti cha dirishani, upande wa kushoto, ambako uwanda wa Mkata hulala wazi. Aliruka ngazi za basi, akakiona kimoja kitupu, akakipiga kofi kukimiliki. Papo hapo mkono mwembamba wenye bangili tatu za shaba ukatua juu ya wake.

"Kaka, mkono wako umepotea njia."

"Dada, mimi ndiye niliyetangulia."

"Umetangulia kwa mkono. Mimi nimetangulia kwa mzigo. Hebu inama."

Elikana akainama. Chini ya kiti kulikuwa na kiroba cha vitunguu, kimepitishwa dirishani kabla basi halijasimama sawasawa. Abiria wa kiti cha nyuma wakaangua kicheko. Elikana alihisi masikio yakipata moto, akainuka na jibu kali mdomoni, lakini jibu likamfia hapo hapo. Msichana alikuwa amevaa gauni la kitenge la njano na raba nyeupe, nywele zimesukwa kurudi nyuma, na macho yake yalikuwa yanamcheka bila kumdharau. Elikana hakujua kwamba jambo hilo linawezekana.

"Kaa basi hapo pembeni," akasema msichana. "Nitakuwa nakusimulia ninachokiona."

Jina lake lilikuwa Yusta. Alikuwa na steshenari karibu na soko la Kilosa, akichapa barua, kupiga picha za pasipoti na kukatia watu tiketi za treni mtandaoni. Vitunguu vilitoka kwao Lumuma. Alikuwa anampelekea shangazi yake Morogoro.

"Na wewe mwenyeji wa wapi?"

"Nimezaliwa Dar, Mbagala. Wazazi ndio watu wa Tabora."

"Mnyamwezi?" Yusta akageuka mzimamzima. "Ungesema mapema! Mnyamwezi anakaaje kitini na mzigo uko chini?" Akakinyanyua kiroba na kumpakatisha. "Beba. Ndiyo kazi yenu."

Elikana alishangaa. Angekuwa mtu mwingine, vitunguu vingerudi chini na maneno juu yake. Lakini harufu ya vitunguu ilichanganyika na ya mafuta ya nazi kutoka kwenye nywele zile, naye akajikuta amekikumbatia kiroba kama mtoto.

Basi likaingia hifadhini, dereva akapunguza mwendo. Pembeni likapita bango la faini, kila mnyama na bei yake kwa atakayemgonga.

"Na mimi nikigongwa ni bei gani?" akauliza Elikana.

"Mnyamwezi? Anayemgonga anapewa zawadi."

Hapo hapo basi likasimama kabisa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Mbele, kutoka kwenye majani makavu ya upande wa kushoto, tembo walikuwa wanapanda barabarani. Wa kwanza alikuwa jike mkubwa, ngozi yake imekauka tope jekundu, akatembea juu ya lami bila haraka, kana kwamba lami imewekwa kwa ajili ya nyayo zake. Wakafuata wengine, na watoto wawili katikati ya miguu ya mama zao. Malori ya Zambia, mabasi, pikipiki, vyote vilizima honi. Ndani ya basi mtoto aliyekuwa analia tangu Iringa akanyamaza. Jike akasimama, akageuza kichwa, akalitazama basi. Jicho lilikuwa dogo na la kizee. Elikana alihisi jicho lile limempita yeye na shati lake na ujuzi wake wa nyaya, likaona mtu mdogo sana mwenye vitunguu mapajani.

Aliyekuwa ameahidi kusimulia hakusimulia kitu. Mkono wenye bangili ulikuwa umemshika kifundo cha mkono, na mwenye mkono hakuwa na habari.

"Nimezaliwa wilaya hii," Yusta akanong'ona tembo wa mwisho alipopotea. "Miaka ishirini na sita. Sikuwahi kuwaona."

"Mimi nimewaona mara tatu," akasema Elikana. "Leo ndiyo mara ya kwanza."

*

Baada ya hapo Jumamosi za mwisho wa mwezi zilikuwa na viti viwili. Katikati ya mwezi zilikuwepo simu.

"Mbeba mizigo wangu, umekula?"

"Nimekula. Na wewe, mwizi wa viti?"

"Nakula huku nachapa wosia wa mtu. Usinichekeshe, nitaandika nyumba umeachiwa wewe."

Mwezi wa tatu wa safari hizo walipanda treni kwenda Dodoma. Yusta alikuwa amekatia tiketi mamia ya watu, wala hakuwahi kuingia ndani ya kile alichokiuza. Kituoni Kilosa alitembea juu ya sakafu ile inayong'aa kwa uangalifu, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Treni ilipoondoka haikutikisa hata maji kwenye chupa yake. Vijiji vikakimbia nyuma, mto Mkondoa ukajikunja chini yao ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, milima ya Usagara ikaja mbele na kufunga njia kabisa.

"Elikana, inapita wapi? Mlima huo hapo!"

"Subiri."

Handaki likawameza. Nje kukawa giza na dirisha likageuka kioo. Elikana alimwona Yusta humo, mdomo wazi, mkono shingoni, na nyuma yake akajiona mwenyewe akimtazama. Yusta naye akamwona anavyomtazama. Hakuna aliyeangalia pembeni. Kisha mwanga ukapasuka, mabonde yakafunguka chini yao hadi mbali, na Yusta akafuta machozi akisema eti ni jua.

Usiku huo Yusta alipata ujumbe wa Elikana kwenye simu:

*Niliona milimani, treni ikipotelea,*
*Nikaona na njiani, tembo wakijitembea,*
*Ila wewe wa pembeni, macho yalikoelea,*
*Taja nauli mwandani, nipate kukusogea.*

Jibu lilikuja dakika hiyo hiyo. "Nauli anaipanga mjomba. Tuma mshenga."

*

Kwa Wasagara mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno la mwisho ni mjomba. Mama yake Yusta alikwisha fariki; mjomba wake Cleopa, wa Magomeni pale pale Kilosa, ndiye aliyemlea na kumsomesha kwa vitunguu vya Lumuma. Elikana hakuwa na ndugu karibu. Akamtuma fundi mwenzake Melkizedek, Mpare, mtu mkweli asiyeongeza neno wala kupunguza. Ndilo lilikuwa kosa. Melkizedek alirudi mchana, akavua kofia, akakaa.

"Wamepokea barua ya posa. Jibu limetolewa kwa mdomo. Nilitoe kama lilivyo?"

"Litoe."

"Mzee Cleopa amesema: 'Mwambie huyo mpagazi kwamba babu zake walipita hapa na mizigo ya watu vichwani, wakala mihogo yetu, wakaondoka bila kuaga. Mtu wa namna hiyo haingii kwangu mikono mitupu. Akimtaka binti, alete kiroba cha chumvi. Akibebe kichwani kutoka kituo cha treni mpaka mlangoni kwangu, kwa miguu, mji mzima umwone. Nampa wiki mbili. Zikipita, posa imelala na binti ataolewa kwingine.'"

Elikana akauliza: "Alikuwa anacheka?"

"Wazee wengine walicheka sana. Yeye hata jino hakuonyesha."

Elikana akampigia Yusta. Simu ilipokelewa kwa kicheko.

"Umesikia? Utaweza, mbeba mizigo? Na hiyo shingo yako ya Mbagala!"

"Ulikuwepo wakisema?"

"Nilikuwa chumba cha ndani. Nimecheka mpaka nimetoa machozi!"

"Sawa." Sauti yake ilikuwa baridi kama nyaya za asubuhi. "Nilidhani nimepata mke. Kumbe nimepata watazamaji."

"Elikana? Elikana, ngoja, wewe hujui kwamba..."

Hakungoja. Alikata, akaizuia namba yake. Kesho yake alifunga zana zake kwenye begi, akapanda treni hadi Dodoma na basi hadi Tabora, kwa baba yake. Njia yote alikaa kiti cha pembeni. Nchi ilipita dirishani, naye hakuitazama.

*

Baba yake, Mzee Zabron, alikuwa mstaafu wa reli ya zamani, mtu wa maneno machache. Alimwacha kijana ale, alale, anune. Siku ya kumi na moja, alipokuwa anaziba pancha ya baiskeli uani, akauliza:

"Aliyekufukuza Kilosa ni nani?"

Elikana akaeleza yote, kuanzia kiroba cha vitunguu hadi kiroba cha chumvi. Kila alipotaja tusi, ngumi yake iligonga goti. Mzee aliendelea kupaka gundi.

"Hao watu ni kabila gani?"

"Wasagara."

Mzee Zabron akaiweka chini tyubu. Mabega yakaanza kutikisika. Elikana alidhani amepatwa na kikohozi, kumbe baba yake alikuwa anacheka, kicheko kilichomkalisha chini kwenye vumbi, miguu imenyooka, machozi yanamtiririka.

"Baba, na wewe?"

"Wasagara! Mwanangu, hao ni watani zetu! Babu zetu walipita kwao na mizigo wakienda pwani, wakirudi. Walipeana maji, walipeana matusi, walizikana. Tangu hapo Msagara akimwona Mnyamwezi lazima amtukane, na Mnyamwezi asipomjibu amemkosea adabu. Wewe ulimjibu nini?"

"Nilipanda treni."

Mzee alicheka upya, kisha akamtazama mwanawe kwa makini.

"Sikiliza. Mtu akitaka kukukataa hakutwishi mzigo. Anakupa kiti kizuri na chai, anakuita mheshimiwa, anakusindikiza mpaka barabarani. Yule mzee amekutukana mbele ya wenzake. Ameshakuhesabu wa ndani. Na binti alicheka kwa sababu alikuwa amefurahi."

Elikana alikumbuka kiroba kikitua mapajani mwake ndani ya basi. *Ndiyo kazi yenu.* Tangu dakika ya kwanza Yusta alikuwa anamkaribisha, naye hakujua kwamba mlango uko wazi.

"Mbona hukunifundisha?"

"Nilikulea Mbagala, kwenye nyumba ya makabila tisa. Ningeanzia wapi?" Mzee akajifuta macho. "Zimebaki siku ngapi?"

"Mwisho ni Jumapili, jua likizama."

"Leo ni Ijumaa. Nipe shati langu, twende sokoni. Chumvi iwe ya Uvinza, ndiyo waliyobeba wazee. Usije ukawapelekea ya pakiti ukatuaibisha."

*

Jumapili mchana, kwenye ukaguzi wa kituo cha Dodoma, mlinzi alikitazama kiroba kikitokea kwenye mashine.

"Nini hiki?"

"Chumvi."

"Yote?"

"Ni posa, afande."

Mlinzi alimtazama kuanzia viatu hadi shati la bluu. "Pita, shemeji," akasema. "Pita haraka, usichelewe."

Treni ilipoacha uwanda wa Ugogo na kuanza kutafuta milima, Elikana aliifungua namba aliyoizuia, akapiga. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Haloo."

"Yusta. Ni mimi."

"Mimi nani? Namba hii kwa wiki mbili imekuwa haipatikani."

"Nimekosa. Sikujua kwamba ni utani. Sikufundishwa."

"Hukufundishwa. Na kuuliza je, nako kunafundishwa?" Sauti ilitetemeka, ikajikaza. "Wiki mbili naulizwa dukani, 'Vipi, posa imelala?' Mjomba hajala chakula cha usiku tangu juzi, anaona ameniharibia kwa mdomo wake. Elikana, ulinifungia mlango nikiwa nacheka."

"Nina chumvi hapa," akasema, maana hakuwa na neno lingine. "Iko mapajani."

Alisikia mashine ya kuchapa ikilia nyuma ya Yusta.

"Mjomba hakusema upige simu," Yusta akasema. "Alisema utembee." Akakata.

Mahandaki yakafuata, moja baada ya jingine. Kila giza lilipoingia dirisha liligeuka kioo, na ndani yake alikaa mwanamume mmoja na kiroba. Elikana alijitazama bila kujihurumia. Mwanga uliporudi aliona mteremko mkubwa wa Usagara, mabonde yamekunjamana mpaka upeo, na kwa mara ya kwanza akawaza kuhusu miguu. Dirisha lile lilikuwa linaimeza kwa dakika arobaini nchi ambayo babu zake waliimaliza kwa siku nyingi, shingo zimekaza, wakiimba ili wasisikie uchovu. Alikuwa ameitazama nchi hii mara ngapi? Hakuwahi kuigusa.

Alishuka Kilosa jua likiwa limeshaegemea. Bodaboda wakamzunguka.

"Bro, panda! Kiroba mbele, wewe nyuma!"

"Leo sipandi kitu."

"Mpaka wapi kwa miguu?"

"Magomeni."

"Una kichaa?"

"Nina posa."

Akakinyanyua kiroba, kikatua kichwani kwa kishindo kilichomshusha magoti. Akajinyoosha, akaenda. Mwendo wa kwanza ulikuwa wa fahari. Baadaye fahari iliisha ikabaki shingo. Chumvi ni mzigo mgumu, haijikunji kama nguo wala haipungui. Inakaa juu ya fuvu kama jiwe lililokusudia. Jasho liliingia machoni. Nyuma yake watoto walipanga mstari, bodaboda watatu wakafuata polepole wakipiga honi kama msafara wa harusi, wanawake wakatoka madukani. "Ndiye huyo! Mnyamwezi wa Cleopa!" Kumbe mji mzima ulijua. Watu walimcheka wazi, midomo imejaa, na Elikana alisubiri masikio yapate moto. Hayakupata. Alisikia kicheko kile kama wapagazi walivyokisikia kikitoka vibandani, kikitanguliwa na kibuyu cha maji.

Darajani, juu ya maji ya Mkondoa, shingo ilikataa. Alisimama, mikono imeshika kiroba, miguu inatetemeka. Jua lilikuwa linagusa mlima.

"Unabeba vibaya."

Gauni la njano. Raba nyeupe. Macho mekundu, yamevimba kidogo, na bangili tatu. Yusta alikuwa amesimama upande wa pili wa daraja, hakuja karibu.

"Mnyamwezi gani anabeba bila ngata? Utafika kwa mjomba shingo imeingia tumboni."

"Sikufundishwa," akasema Elikana kwa shida. Kisha akaongeza, polepole: "Nakuuliza. Nifundishe."

Yusta akafungua khanga kiunoni, akaisokota, akaizungusha mara tatu kwa mikono iliyokuwa inajua kazi, mpaka ikawa duara nene. Akasogea, akajinyoosha kwa ncha za vidole, akainua kiroba kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaitelezesha ngata chini yake. Nyuso zao zilitengana kwa shubiri moja. Ngata ilikuwa na joto lake bado.

"Siku nyingine ukikasirika," akasema Yusta kwa sauti ya chini, "kasirika ukiwa hapa hapa. Tugombane ana kwa ana, nikusikie."

"Nimesikia."

"Tembea. Jua halikungoji."

Wakatembea pamoja, yeye na mzigo kichwani, Yusta pembeni yake, mji nyuma yao.

Mzee Cleopa alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la kanisani. Alimtazama Elikana kuanzia viatu vilivyojaa vumbi hadi kiroba, akaitambua khanga iliyo chini yake, asionyeshe jino.

"Umechelewa," akasema. "Babu zako walikuwa wanafika saa nane."

Melkizedek, aliyekuwa ameketi barazani tangu asubuhi, akafunga macho.

"Shikamoo, mjomba," akasema Elikana. Shingo yake iliungua, lakini sauti ilitoka imetulia. "Babu zangu wamenituma nilete ujumbe. Wanasema waliondoka bila kuaga kwa sababu mihogo yenu ilikuwa michungu, na wapishi wenu hawakuwa na chumvi. Wamewahurumia. Hii hapa."

Mdomo wa Mzee Cleopa ulicheza. Akajaribu kukohoa. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekizuia kwa wiki mbili, akajishika kwenye mwimo wa mlango asianguke, na Magomeni yote ikacheka pamoja naye.

"Marahaba!" akapiga kelele. "Marahaba, mpagazi! Yusta, mwambie atue mzigo aingie, ugali unapoa!"

Yusta akageuka, akashika pembe moja ya kiroba, mashavu yamelowa. "Umesikia? Tua basi."

"Siutui," akasema Elikana. "Kwanza nitajie nauli, nimelipa au bado?"

"Umelipa ya kwenda," akasema Yusta. "Kurudi hakuna."

Ndipo wakautua pamoja.